Mwisho Ulio Mahali Pake

Wahenga walinena kuwa hakuna marefu yasiyo na ncha. Methali hii imevaa vazi la hekima, na watu huitumia katika nyakati mbili zisizofanana. Mzee aliyelima, akazaa, akalea na kuwapakata wajukuu anapofumba macho, waombolezaji huisema ili kufuta machozi, nao wana haki ya kuisema. Lakini mtoto wa miaka mitatu anapochukuliwa na homa katika kijiji kilicho mbali na zahanati, methali ile ile hurudiwa kwa sauti ile ile, kana kwamba misiba hiyo miwili ni mmoja. Hapo ndipo swali huzaliwa. Je, kila mwisho ni wa haki kwa sababu tu kila kitu hakina budi kuwa na mwisho? Au uko mwisho ukamilishao na mwisho ukatao, nao hutofautiana kama mavuno na uharibifu, ingawa yote mawili hufanywa kwa mundu mmoja?

Wanafalsafa, mashehe, mapadri na wazee wa baraza wamelizungumza swali hili tangu zamani. Katika karne ya ishirini lilipata shahidi mpya ambaye hakuitwa na mtu, nayo ni chembe hai ya mwili, yaani seli. Humo, usiku na mchana, hukatwa shauri la wapi jambo lianze na wapi likome. Ushahidi wa seli si sheria. Seli haina dhamiri, na mtu aliye na dhamiri hapaswi kuiga kila lifanywalo na kitu kisicho nayo. Hata hivyo shahidi asiye na dhamiri aweza kusema kweli, na kweli yake ikamsaidia hakimu kupambanua mambo mawili yaliyochanganyika.

Kila protini ya mwili ni mnyororo wa asidi amino, na asidi amino zitumikazo kwa kawaida ni za aina 20. Mpangilio wa mnyororo huo umeandikwa katika jeni. Nakala yake huchukuliwa na RNA iitwayo mjumbe hadi kwenye ribosomu, karakana ndogo ambamo ujumbe husomwa na mnyororo huungwa. Ujumbe una herufi nne tu, A, U, G na C, nao husomwa herufi tatu tatu. Kila herufi tatu ni neno moja, na neno hilo huitwa kodoni. Maneno yawezekanayo ni 64. Kati ya hayo, 61 hutaja asidi amino. Matatu yaliyobaki, UAA, UAG na UGA, hayataji asidi amino yoyote. Kazi yake ni kusema koma. Na neno moja miongoni mwa yale 61, AUG, lina kazi ya ziada ya kusema anza.

Neno la kwanza la lugha hii lilisomwa na Nirenberg na Matthaei huko Marekani mwaka 1961, mwaka ule ule ambao Tanganyika ilipandisha bendera yake. Mwaka 1965 Sydney Brenner, mwana wa Afrika Kusini aliyezaliwa Germiston, pamoja na wenzake wa Cambridge, walionyesha kuwa UAG na UAA ni maneno ya kukomea. UGA ikafuata mwaka 1967. Jambo la kukumbukwa ni jina ambalo maneno haya yalipewa hapo mwanzo. Kwa kuwa hayakutaja asidi amino yoyote, wataalamu waliyaita maneno yasiyo na maana. Baadaye ikadhihirika kuwa maana ya usemi wote huyategemea hayo. Binadamu naye huelekea kosa hilo: huhesabu lile litoalo kitu, wala hahesabu lile liwekalo mpaka.

Mwanzo una mafunzo yake. Sehemu ndogo ya ribosomu hushika kichwa cha ujumbe, ikatembea mbele hadi kukuta AUG iliyo mahali pafaapo, na mara nyingi huwa ni ile ya kwanza. Hapo hupokewa mchukuzi wa pekee aliyebeba asidi amino iitwayo metionini, kisha sehemu kubwa ya ribosomu hufika, na kazi huanza. Mwanzo huu hauanzishi tu. Huamua pia maneno yote yafuatayo yagawanywe vipi. Mtu akiandika bila nafasi LEOMTIULEUPO, msomaji aanzaye mahali pake husoma: leo mti ule upo. Aanzaye herufi moja mbele husoma: eom tiu leu po. Herufi ni zile zile, karatasi ni ile ile, lakini maana imekufa. Tena asomaye vibaya ujumbe wa seli hafiki mbali. Kwa kuwa maneno matatu kati ya 64 ni ya kukomea, mwanzo potofu kwa kawaida huangukia mwisho potofu upesi.

AUG ina jambo jingine la ajabu. Ikiwa katikati ya ujumbe haianzishi kitu; hutaja metionini tu, kama mtumishi miongoni mwa watumishi. Hadhi ya kuanzisha haimo katika herufi zake peke yake, bali imo katika mahali ilipowekwa. Wala mwanzilishi hakai daima katika kazi aliyoianzisha. Mnyororo wa beta wa himoglobini, protini ibebayo hewa katika damu, huanzishwa na metionini; kisha metionini hiyo huondolewa, ukabaki mnyororo wa asidi amino 146 usio na alama ya aliyeuanzisha.

Mwisho nao, ukitazamwa kwa makini, si ukuta. Ribosomu inapofika kwenye neno la kukomea, hakuna mchukuzi alijuaye neno hilo. Badala yake huingia protini yenye umbo la kufanana na mchukuzi, lakini mikono yake ni mitupu. Haileti kiungo kipya; husababisha maji kukata kifungo kilichoushikilia mnyororo. Protini huachiliwa, nazo sehemu mbili za ribosomu hutengana zikapate kutumika tena. Mpaka saa hiyo protini ilikuwa imefungwa katika karakana, nayo haikuweza kwenda kufanya kazi iliyoumbiwa. Kwa hiyo mwisho wa kuumbwa kwake ndio mwanzo wa utumishi wake. Asiyekoma kuumbwa hawezi kuanza kufaa.

Basi ikiwa mwisho ni kuachiliwa, je, kila mwisho ni mwema? Seli yajibu kwa mifano miwili. Mfano wa kwanza ni wa mwisho uliochelewa. Wako watu, hasa katika Asia ya kusini mashariki, ambao katika jeni ya mnyororo wa alfa wa himoglobini neno UAA limegeuka CAA. Neno la kukomea limetoweka, na ribosomu hupita mahali ilipopaswa kusimama. Mnyororo uliopaswa kuwa na asidi amino 141 hufikia 172. Mtu angedhani kuwa kilichozidi ni faida. Kinyume chake, ujumbe hudhoofika, protini hupatikana kidogo sana, na damu hupungukiwa. Kukosa mwisho si uhai mrefu. Ni namna nyingine ya upungufu.

Mfano wa pili ni wa mwisho uliowahi mno, nao u karibu zaidi na watu wa Afrika. Wengi kusini ya Sahara wamerithi badiliko la herufi moja katika jeni iitwayo CD36. Protini yake kamili ina asidi amino 472. Mahali pa 325 husomwa UAU, neno litajalo tirosini; kwa watu hao husomwa UAG. Herufi moja imegeuza mtumishi kuwa kituo, na mnyororo hukatika kabla ya kutimia. Protini hiyo hukaa katika chembe za damu na katika kuta za mishipa midogo, na ni miongoni mwa vitu ambavyo chembe nyekundu zilizoingiwa na vimelea vya malaria hung'ang'ania. Kwa sababu hiyo wataalamu waliuliza kama mkato huo humdhuru mtoto mwenye malaria au humkinga. Mwaka 2000 uchunguzi uliohusu Gambia na Kenya ulisema humwongezea hatari ya malaria kali. Mwaka 2001 uchunguzi mwingine wa Kenya ulisema humkinga. Mwaka 2009 uchunguzi wa watoto wa Tanzania ulisema hupunguza upungufu wa damu uletwao na malaria, na mwaka huo huo uchunguzi mkubwa zaidi haukuona uhusiano wowote na malaria kali.

Hitilafu ya majibu haya ni funzo la unyenyekevu. Kwamba neno la kukomea limewekwa pasipo mahali pake, hilo lajulikana bila shaka, kwa kuwa urefu kamili wa protini wajulikana. Lakini kama mkato huo utamletea mwenye nao heri au shari, hilo halisomwi juu ya herufi. Mtu aliyerithi herufi ile hana kasoro ya utu. Neno lililokatwa mapema ndani ya mwili wake halimfanyi yeye kuwa nusu ya mtu. Hukumu juu ya mwisho wa kitu kimoja isigeuzwe kuwa hukumu juu ya thamani ya aliye nacho.

Lililo kubwa kuliko yote ni kuwa seli yenyewe, katika mambo mengi, huzitambua ncha mbili hizi. Ujumbe wa jeni nyingi huungwa kwa vipande, na katika kila kiungo huachwa alama. Ribosomu ya kwanza isomayo ujumbe huzifuta alama hizo moja moja inapopita. Ikikuta neno la kukomea wakati alama zote zimekwisha kupitwa, seli huupokea mwisho huo kuwa wa haki. Ikilikuta wakati alama zingali mbele, seli hupata ishara kuwa safari imekatizwa, na ujumbe huo huangamizwa ili usizae protini vipande zaidi. Neno lililosomwa ni lile lile katika hali zote mbili. Hukumu haitoki katika neno, bali katika kile kilichobaki mbele yake.

Hapa ushahidi wa seli waweza kuletwa katika maisha ya watu, na Mpanda ni mahali pafaapo kuupimia, kwa kuwa mji huo umeujua mwanzo na mwisho kwa namna nyingi. Reli itokayo Tabora huacha njia kuu ya Kigoma hapo Kaliua, ikashika kusini kupitia pori la Ugalla, na kukoma Mpanda. Abiria ashukaye Mpanda na mizigo yake halalamiki kuwa gari moshi limesimama. Kusimama ndiko alikokulipia. Lakini gari hilo hilo likisimama porini kabla ya kuuvuka mto Ugalla, kwa sababu mvua imechukua tuta, hakuna atakayemwambia abiria aridhike kwa kuwa kila safari ina mwisho. Atamwonyesha tiketi yake. Kusimama ni kule kule. Tiketi ndiyo alama iliyobaki mbele.

Reli hiyo ilifika mwaka 1950 kwa ajili ya mgodi wa madini ya risasi. Mgodi ulipofungwa mwaka 1960, aliyedhani kuwa reli ilikuwa mali ya mgodi peke yake angesema kuwa nayo imefika ncha yake. Lakini watu walikuwapo, mazao yalikuwapo, na magari yaliendelea kuja. Sababu iliyoianzisha ilikuwa imeondoka, kama metionini iondokavyo katika himoglobini, na kazi ikabaki. Kukoma kwa kusudi la kwanza si hati ya kuangamiza kitu chenye makusudi mengine mbele yake.

Jambo zito zaidi limo Katumba, karibu na Mpanda. Mwaka 1972 maelfu ya watu waliikimbia Burundi kwa sababu ya mauaji, na wengi wao wakapewa ardhi Katumba, na baadaye Mishamo. Walifyeka pori, wakajenga, wakalima, wakazaa. Mwaka 2010 serikali ya Tanzania ilikubali kuwapa uraia zaidi ya watu 160,000 wa makazi hayo na ya Ulyankulu, na vyeti vilianza kutolewa mwaka 2014. Mahali palipodhaniwa kuwa katikati ya safari palikuwa mwanzo. Kama AUG, si sura ya mahali iliyogeuka, bali nafasi yake katika maisha ya wasafiri. Lakini hapa kuna mtego kwa mwenye kufikiri upesi. Kwa kuwa mwanzo mpya ulikuwa mwema, mtu aweza kushawishika kusema kuwa kukatwa kwa maisha ya kwanza nako kulikuwa kwema. La. Mavuno ya Katumba ni sifa ya waliolima na ya nchi iliyowapokea. Si udhuru wa waliowafukuza. Heri itokeayo baada ya dhuluma haibadili jina la dhuluma.

Turejee basi kwenye kaburi dogo. Maisha ya mtoto yana alama nyingi zilizobaki mbele: meno ambayo hayajang'oka, herufi ambazo hazijasomwa, shamba ambalo halijalimwa, mtu ambaye hajaitwa mwenza, watoto ambao hawajapewa majina. Mzee aliyelala amezipita alama hizi moja baada ya moja, na aliyezikosa baadhi alipata muda wa kuzitafuta. Mtoto hakupata. Na malaria, ambayo katika Afrika huua watoto walio chini ya miaka mitano kuliko watu wengine, si fumbo tena. Mbu wake wajulikana, chandarua chajulikana, kipimo cha damu chajulikana, dawa ya mseto yajulikana. Kifo kinachokuja wakati haya yote yanajulikana, lakini hayakufika kijijini kwa sababu ya barabara mbovu, au rafu tupu ya zahanati, au uvivu wa mwenye dhamana, si ncha ya urefu. Ni tuta lililochukuliwa na mvua, na tuta lina wenye wajibu wa kulijenga.

Hapa mcha Mungu ataweza kupinga. Atasema kuwa siku za kila mtu zimeandikwa, na kwamba kuita kifo cha mtoto mwisho usio mahali pake ni kumsahihisha Mwandishi. Upinzani huu wastahili heshima, kwa kuwa umewasimamisha wafiwa wengi ambao wangeanguka. Lakini yapasa kutenga saa mbili. Iko saa ya baada ya kifo, ambapo aliyefiwa hana la kufanya ila kusalimu amri, na imani humpa mkono wa kushika. Na iko saa ya kabla, ambapo mtoto angali anahema na dawa ingali yaweza kuletwa. Maneno ya saa ya pili hayafai kusemwa katika saa ya kwanza, wala maneno ya mfiwa hayafai kinywani mwa mwenye dhamana. Subira ni dawa ya jeraha. Si ruhusa ya mkuki. Wala hakuna kitabu cha dini kilichomwamrisha mtu aketi kando ya mgonjwa anayetibika akisubiri kujua yaliyoandikwa.

Mwingine atapinga kwa upande wa pili. Atasema kuwa ikiwa kukatizwa ni kubaya, basi na kupingwe popote. Huyu naye amepotea. Doksisaiklini, dawa itumikayo katika hospitali nyingi, hufanya kazi kwa kuzuia ribosomu za vijidudu zisiendelee kuunga minyororo yao. Ni mkato, na ni rehema. Tena wataalamu wamejaribu dawa kama jentamaisini ili kuifanya ribosomu ipite juu ya neno la kukomea lililowekwa vibaya, wakitumaini kuiponya protini iliyokatwa. Wazo hilo ni jema, lakini hofu yake ni hii: lishawishilo ribosomu kuupuuza mwisho potofu laweza kuishawishi kuupuuza na mwisho wa haki. Mwenye kupiga vita kila ncha kwa chuki ya ncha hana tofauti kubwa na mwenye kuikubali kila ncha kwa uzito wa kufikiri. Wote wawili wamekataa kazi ya kupambanua.

Kazi hiyo ndiyo dai la insha hii. Ulazima wa kuwapo mwisho ni jambo moja, na uhalali wa mwisho huu ni jambo jingine. Wa kwanza hauwezi kamwe kutumiwa kuwa ushahidi wa wa pili. Kila protini lazima ikome, lakini hakuna aliyepata kuthibitisha kwa kanuni hiyo kuwa ilipaswa kukoma mahali pa 325. Kila gari moshi lazima lisimame, lakini kanuni hiyo haimnyang'anyi abiria tiketi yake. Kila mtu lazima afe, lakini kanuni hiyo haimwondolei mwenye ufunguo wa bohari ya dawa swali la alikuwa wapi.

Wahenga hawakukosea. Hakuna marefu yasiyo na ncha. Lakini methali yao huzungumza juu ya marefu, na anayeitumia anapaswa kwanza kutazama kama kilichokatika kilipata kuwa kirefu. Msibani kwa mzee, methali itamkwe, na watu wale chakula cha matanga wakikumbuka mema yake. Msibani kwa mtoto, watu walie naye mama yake bila methali. Na kesho yake, vijembe vikishawekwa kando, waende kwa pamoja kuuliza dawa ilikwamia wapi.